Transista Kumi na Nne, Wachapakazi Sita

Kisa hiki ni cha kweli. Nakiandika kwa ajili ya ndugu zetu walioingiwa na mapenzi ya redio ndogo za zamani, zile za mfukoni za miaka ya 1950 na 1960. Wapo wanaozikuta kwenye masanduku ya marehemu babu, na wapo wanaozisaka minadani na katika maduka ya mtandaoni ya Marekani, Uingereza na Japani. Ni mapenzi mazuri. Hayapigi kelele, wala hayadai nyumba kubwa, maana rafu moja hutosha redio hamsini. Lakini ndani yake kuna mtego uliotegwa kabla wengi wetu hatujazaliwa, na hadi leo bado unanasa watu. Uko mahali ambapo macho hutangulia kufika: kwenye ile namba iliyoandikwa usoni mwa redio.

Tuseme umepata redio ya mwaka 1965 hivi, iliyotengenezwa Japani au Hong Kong. Mbele ina wavu wa bati wenye vitundu, pembeni ina gurudumu dogo la kutafutia stesheni, na chini kuna maandishi ya rangi ya dhahabu yanayosema ina transista 10. Jirani yake kuna nyingine yenye kasha linalofanana nayo kama pacha, ila yenyewe imeandikwa 14. Mkono wako utakwenda wapi? Wa kwangu ungekwenda kwenye 14, nisikufiche. Kumi na nne ni nyingi kuliko kumi, na aliyeandika namba hiyo aliijua hesabu hiyo vizuri kabla yetu.

Ili tuelewe jinsi watu walivyonaswa, turudi mwanzo. Transista ilibuniwa katika maabara za Bell nchini Marekani mwezi Desemba 1947. Ilichukua karibu miaka saba kuingia mfukoni mwa raia wa kawaida. Oktoba 1954 kampuni ya Regency ya Indianapolis, ikitumia transista za Texas Instruments, ilitangaza redio ya TR-1 kwa bei ya dola 49.95. Ndani yake mlikuwa na transista 4 tu. Waliyoanza kuichora ilikuwa na transista zaidi ya hizo, wakazipunguza kwa sababu ya gharama, kwa maana transista moja siku hizo ilikuwa kitu cha bei. Kila iliyobaki ilipaswa kutoa jasho. Sauti ya TR-1 haikuwa nene, na betri yake ilikuwa ya volti 22.5, lakini ilikuwa redio ya kweli iliyoenea kiganjani.

Mwaka uliofuata Zenith walitoa Royal 500 yenye transista 7, bei dola 75. Mwaka 1957 kampuni ya Tokyo Tsushin Kogyo, ambayo mwaka uliofuata ilibadili jina ikaitwa Sony, ilitoa TR-63 yenye transista 6, ikauzwa Marekani kwa dola 39.95. Inasimuliwa kwamba redio hiyo ilikuwa kubwa kidogo kuliko mfuko wa shati la kawaida, basi wauzaji wakashonewa mashati yenye mifuko mipana ili waonekane wakiitumbukiza bila shida. Tunacheka, lakini tazama: hata bidhaa njema ilianza kupambwa kidogo mlangoni.

Na njema ilikuwa. Januari 1958 wezi walivunja ghala la wakala wa Sony huko Queens, New York, wakaondoka na redio hizo zipatazo 4,000. Redio za kampuni nyingine zilizokuwamo humo waliziacha. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Wezi wale walijua kipi kinauzika, nao walibeba redio za transista 6.

Ishike hiyo sita, kwa kuwa ndiyo ufunguo wa kisa chote. Redio ya kawaida ya mawimbi ya kati, ikipangwa vizuri, ina kazi za kutosha transista sita. Ya kwanza hulipokea wimbi dhaifu kutoka kwenye antena ya ndani, kile kijiti cheusi kilichozungushiwa waya mwembamba, na kuligeuza liwe la masafa mamoja yasiyobadilika hata ukihama stesheni. Mbili zinazofuata hulikuza wimbi hilo. Kisha dayodi, ambayo si transista, huitenga sauti na wimbi lililoibeba. Transista ya nne huipa sauti hiyo nguvu ya kwanza. Mbili za mwisho hufanya kazi kwa zamu, hii ikisukuma na ile ikivuta, mpaka spika itetemeke. Ukiongeza ya saba au ya nane unaweza kupata faida ya haki: sauti kubwa zaidi, au redio inayoshika stesheni za mbali vizuri zaidi. Baada ya hapo, kwa redio ya mfukoni yenye mawimbi ya kati tu, kazi zinakwisha.

Kwa hiyo wanunuzi wa miaka ile ya mwanzo hawakuwa wajinga walipohesabu transista. Redio ya transista nne ilikuwa dhaifu, ya transista sita ilikuwa nzuri, ya transista nane ilikuwa nzuri zaidi na bei ilipanda nayo. Walijifunza jambo la kweli. Ubaya ni kwamba walipokwisha kujifunza waliacha kuangalia, wakabaki kusoma namba.

Kulikuwa pia na redio za upande wa pili, nazo nazipenda kuliko zote. Mnamo miaka ya mwisho ya 1950 na mwanzoni mwa 1960 Japani ilitengeneza redio za transista 2 tu, nyingi zikiandikwa kuwa ni redio za wavulana. Zilihesabiwa kama vitu vya kuchezea, hivyo zikakwepa malipo yaliyotozwa redio kamili. Fundi aliyezibuni hakuwa na nafasi ya uvivu. Mara nyingi aliipa transista moja kazi mbili kwa wakati mmoja: ikuze wimbi la redio, halafu sauti ikishatengwa, irudishwe ikuzwe tena na transista ileile. Ni ubahili wenye akili, na humo ndani ya kijisanduku cha mtoto utakuta ufundi ambao redio iliyoandikwa 14 haina hata chembe.

Sasa tufike penyewe. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1960 redio hizi zilifurika Marekani, kwanza kutoka Japani, kisha kutoka Hong Kong pia. Bei ikaporomoka. Viwanda vikagombea wanunuzi walewale, na kwa kuwa mnunuzi alikwisha zoea kusoma namba, namba ikawa uwanja wa vita. Ikatoka 8, ikafuata 10, ikaja 12, mpaka 14 na zaidi, kwenye redio ambayo kasha lake, spika yake na betri yake ndogo ya volti 9 havikubadilika.

Zile za ziada zilitoka wapi? Utengenezaji wa transista za jerimaniamu ulikuwa na kubahatisha kwingi, na katika kila mkupuo nyingi zilishindwa majaribio. Transista iliyofeli haina bei, lakini kwa macho haitofautiani na nzima. Basi zikapewa viti. Nyingine zilichomekwa kwenye bodi mahali pasipo na njia yoyote ya umeme, zikasimama hapo kama mapambo. Nyingine miguu yake mitatu ililehemiwa pamoja kwenye kipande kimoja cha shaba, zikanyamazishwa kabisa. Nyingine zilitumika badala ya dayodi, kazi ambayo dayodi ya senti chache ingeifanya, ila dayodi haihesabiwi usoni mwa redio. Na nyingine ziliwekwa mbilimbili kufanya kazi ya moja, bila kuongeza chochote masikioni. Ni kama daladala iliyojaza abiria wa bandia ili wanaosubiri kituoni waamini kuwa inaondoka sasa hivi.

Ndugu msomaji, hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo, kwa sababu dalili zilikuwepo na zilikuwa wazi.

Ya kwanza ilikuwa bei. Kama transista zinaongezeka na bei inashuka mwaka hadi mwaka, mtu angeweza kusema teknolojia inakua, na kwa sehemu ilikuwa kweli. Lakini redio ya transista 14 kuuzwa sawa na ya 8 ya kampuni inayojulikana, au chini yake, lilikuwa jambo la kushtua. Hakuna mfanyabiashara anayekuzawadia transista sita kwa kukupenda. Watu waliiona bei hiyo, na badala ya kuishuku waliifurahia. Nadhani huu ndio udhaifu wetu mkubwa sote: bei ya chini tunaipokea kama bahati yetu binafsi, na bahati haihojiwi.

Dalili ya pili ilikuwa masikio. Redio yenye mara mbili ya transista ingepaswa kusikika tofauti, ama kwa ukubwa wa sauti, ama kwa kushika stesheni za mbali. Aliyezisikiliza mbili kwa pamoja dukani angeligundua hilo kwa dakika moja. Ni wachache waliojisumbua. Walioleta redio nyumbani na kuiona dhaifu walilaumu betri, wakalaumu hali ya hewa, wakalaumu kuta za nyumba. Namba ilikuwa imeshawaambia redio ni nzuri, basi kosa lilitafutwa kwingine kote.

Ya tatu ni kasha. Redio mbili zinazofanana kila kitu isipokuwa namba na jina la kampuni, jina ambalo hujawahi kulisikia na hutalisikia tena, zilipaswa kuamsha swali. Zilizochukuliwa kwenye kiwanda kimoja zilibandikwa majina kwa kadiri ya waagizaji. Namba nayo ilibandikwa hivyohivyo.

Ya nne ilikuwa ndani, na haikufichwa na chochote ila kifuniko cha plastiki kinachofunguka kwa ukucha. Kila aliyebadilisha betri aliifungua redio yake. Bodi ilikuwa mbele ya macho yake. Fundi yeyote aliyezikarabati hakuweza kukosa kuona transista zisizounganishwa na kitu. Lakini mteja alimpelekea fundi redio iliyokufa, wala hakumuuliza swali lolote kuhusu redio iliyo hai.

Mwisho wa udanganyifu huo ulikuja kiserikali. Mwaka 1968 Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani ilitoa kanuni mahsusi kuhusu udanganyifu katika idadi ya transista za redio. Ilikataza kuhesabu transista za bandia, kuhesabu zile zisizofanya kazi inayotambulika ya kupokea, kutenga na kukuza mawimbi, na kuhesabu zile zilizorundikwa pamoja bila kuboresha redio. Nchi kubwa ililazimika kuandika sheria kwa ajili ya vidude vyenye ukubwa wa punje ya maharage! Na ilichelewa vilevile. Mwaka mmoja kabla yake Sony walikwisha kutoa ICR-100, redio ndogo iliyotumia saketi jumuishi, ambamo transista nyingi hukaa ndani ya kipande kimoja, na hesabu ile ya zamani ilikuwa inaelekea kupoteza maana.

Ungedhani kisa kimeishia hapo. Lakini sheria haikufuta maandishi ya dhahabu. Redio hizo bado zipo kwa maelfu, na leo muuzaji anaipiga picha mojawapo, anainakili namba iliyo usoni, na kuandika kwamba ni kitu adimu. Mara nyingi hadanganyi kwa kukusudia. Anarudia uongo wa mtu aliyekufa zamani, tena kwa moyo mweupe, na hilo linamfanya awe wa kuaminika zaidi. Mkusanyaji mpya anaona 14, anakumbuka kwamba TR-1 yenye 4 na TR-63 yenye 6 zinatafutwa kwa bei kubwa, anapiga hesabu kwamba 14 lazima iwe zaidi. Analipa. Redio inafika, anaiweka rafuni, na inaweza kukaa hapo miaka bila kufunguliwa.

Umri nao hudanganywa kwa njia hiyohiyo. Utaambiwa redio ya transista 12 ni ya mwaka 1955. Simama hapo. Mwaka 1955 redio bora za kubebwa mkononi zilikuwa na 4 hadi 8. Kuna alama nyingine ya kukusaidia: redio zilizouzwa Marekani kati ya 1953 na 1963 ziliwekewa vijialama viwili vya ulinzi wa raia, aghalabu vya pembetatu, kwenye 640 na 1240 za kipimo cha stesheni, ili vita vikizuka watu wajue wasikilize wapi. Redio ya soko la Marekani isiyo na alama hizo, huku muuzaji akiapa ni ya 1955, inakuomba uwe mpole na pesa zako.

Nisieleweke kwamba redio ya transista 14 ni takataka. Mimi ningependa kuwa nayo moja, ifunguliwe kifuniko, iwekwe kando ya ile ya wavulana yenye transista 2 zinazofanya kazi ya transista tatu. Ukizitazama pamoja unaisoma historia nzima ya biashara ile. Ila ningeinunua kwa bei ya kitu chenyewe. Na zipo chache zenye namba kubwa ambazo ni za haki, hasa zenye mabendi zaidi ya moja, kwa hiyo tusihukumu kwa kusoma namba, tusije tukarudia kosa lilelile kwa upande wa pili.

Huku kwetu wazee walikuwa na swali lao. Tangu BBC ilipoanza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 1957, aliyenunua redio aliuliza, inashika? Inashika London? Inashika usiku mvua ikinyesha? Mwenye duka aliiwasha, wote wakasikiliza, na bei ikajadiliwa baada ya hapo. Swali hilo tumeliacha njiani. Leo tunanunua redio ya bendi 12 ambayo tisa kati yake ni mlio wa mawimbi matupu, na sabufa iliyoandikwa maelfu ya wati huku waya wake wa umeme ni mwembamba kama wa taa ya mezani. Waya huo ni dalili, nao uko nje ya boksi, anauona kila mtu.

Kwa hiyo ukiwa na redio ya namna hii, ifungue. Tumia ukucha au sarafu katika ule mfereji mdogo ulio pembeni. Usitumie bisibisi, kwa sababu plastiki ya miaka sitini imekauka na hupasuka kwa nguvu kidogo tu. Kama kuna betri ya zamani, itoe kwanza, kwa kuwa betri zilizosahaulika huvuja na kula shaba ya bodi, na kutu ya kijani kwenye vishikizo vya betri ni habari mbaya kuliko mkwaruzo wowote wa nje. Kisha zihesabu transista, vile vikopo vidogo vya bati vyenye miguu mitatu. Igeuze bodi taratibu ukiweza bila kukata waya, na ufuate kila mguu mahali ulipolehemiwa. Mguu wenye uhai unaingia kwenye njia ya shaba inayokwenda mahali. Miguu mitatu iliyokutana kwenye doa moja la shaba, au iliyosimama kwenye visiwa visivyounganishwa na chochote, hiyo umeikamata. Andika hesabu halisi kwenye karatasi uihifadhi pamoja na redio, ili atakayeirithi asidanganywe upya.

Na ukiwa bado hujanunua, usitume pesa kabla ya kuona picha ya ndani. Mwombe muuzaji kwa adabu akutumie picha ya bodi, pande zote mbili kama inawezekana. Mwenye kitu cha haki atakutumia hata kama itambidi atafute miwani. Akikuambia haifunguki, au akakurudisha kwenye zile herufi za dhahabu, mshukuru na umwachie redio yake.